Mkimbizi na viungo, wapi na wapi?

Tunaambiwa hivyo kila siku. Ukionekana sokoni na kifuko cha giligilani na pilipili kavu, mtu wa shirika anakuuliza kama hela ya chakula imezidi. Na vijana wenzetu nao wanacheka: eti kuku wa Kihindi, unajifanya tajiri wa mjini? Jamani, leo tubishane kidogo.

Mimi nasema hivi: mchuzi mkali wa kuku wa India Kusini ni chakula cha watu waliohama. Kama kuna mtu mwenye haki ya kuupika, ni sisi.

Tuanze na pilipili yenyewe. Si ya India. Ilitoka Amerika, ikaletwa na Wareno, wale waliofika pwani ya Malabar mwaka 1498 wakiongozwa na rubani waliyempata Malindi. Kabla yake ukali ulitoka kwenye pilipili manga. Pilipili iliingia kama mgeni, na leo hakuna anayeidai karatasi.

Halafu kuku wa Chettinad, kule Tamil Nadu. Wachettiar walikuwa wakifanya biashara na kukopesha pesa Burma, Malaya na Ceylon. Chungu chao kina anisi ya nyota, ambayo asili yake ni China na Vietnam. Japani ilipovamia Burma mwaka 1942, mamia ya maelfu ya Wahindi walikimbia, wengi kwa miguu, milimani na msituni. Safari ya namna hiyo tunaijua. Na tangu 1983 Watamil wa Sri Lanka wamekimbilia hukohuko Tamil Nadu. Kuna waliozaliwa kambini na sasa wana watoto wao humohumo. Sasa mwambie mama wa Jaffna kwamba kukaanga viungo ni anasa!

Anasa ni paketi. Poda ya kari ya dukani ilianza kuuzwa London karne ya 18 kwa Waingereza waliotaka ladha ya India bila kazi. Wewe nunua viungo vizima, kidogo kidogo. Kwa kuku mmoja: giligilani vijiko 2 vikubwa, bizari nyembamba, shamari na pilipili manga kijiko kidogo kimoja kimoja, pilipili kavu 6, karafuu 3, iliki 2, kipande cha mdalasini. Kaanga bila mafuta, moto mdogo, mpaka vinukie. Vikiungua vitakuwa vichungu, kwa hiyo usiende kupiga stori. Twanga. Kaanga vitunguu mpaka viwe kahawia, tia tangawizi, kitunguu saumu, manjano, nyanya, halafu viungo vyako. Kuku mkate vipande vidogo na mifupa yake, mgeuze humo kabla ya kutia maji. Funika. Tui la nazi, kama lipo, liingie mwishoni. Kule wangetia pia majani mabichi wanayoyaita kariveppilai. Ukikosa, pika tu.

Najua swali: hela ya kuku itoke wapi? Kweli, kuku si wa kila siku. Lakini viungo hivyohivyo vinaingia kwenye mayai, viazi, hata maharage ya mgao. Na mchuzi mkali unalisha wengi: kipande kimoja kidogo kinashusha sahani nzima ya wali.

Sasa nyinyi ndugu zetu wa mashirika. Mnapanga kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na sote tumeona mgao ukikatwa. Pengo hilo halikuletwa na kijiko cha bizari. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na shule bado ana ulimi, bado anajua mama yake alikuwa anapikaje. Ukimwambia ladha si haki yake, umemhesabu kama gunia la kujazwa.

Na wewe kijana unayesema "huo si upishi wetu": nyanya, mahindi na muhogo unavyokula kila siku vyote vilitoka Amerika. Upishi ni wa anayeupika.

Ombi langu ni moja. Mkija tena na mafunzo ya lishe, kabla hamjafungua ile chati ya vyakula, waulizeni kwanza akina mama: nyumbani mlikuwa mnapika nini, na hapa mnakosa nini? Andikeni majibu. Halafu tuongee bajeti.