Hiyo rangi haitakubeba majini

Wacha niseme kitu, na wenzangu wa kontenti msinikasirikie. Zile video za kufufua mashua kuukuu, dakika moja, muziki, msasa kidogo, rangi mpya, eti "kabla na baada", zinatudanganya. Hasa zikifika kwa ubao wa katikati.

Kwa wasiojua: mashua ndogo za mashindano kama Enterprise, ile ya plaiwudi iliyochorwa na Jack Holt wa Uingereza mwaka 1956, hazitegemei mkuku kama mashua zetu za Lamu. Zina ubao unaoshuka majini kupitia kisanduku kilicho katikati, na huo ndio unazuia upepo kuisukuma mashua ubavu. Hiyo kazi wengi wanaijua. Ya pili ndiyo video hazitaji kabisa. Mashua ikipinduka, unaogelea hadi upande wa chini, unapanda juu ya ubao huo, unaegemea nyuma na uzito wako wote mpaka mlingoti uinuke. Yaani siku ubao unakubeba, tayari uko majini, umechoka, na nguo zimelowa. Ukivunjika hapo unabaki umeshikilia mashua iliyolala, ukingoja mtu akuone.

Sasa mtu anapata ubao una ufa, anaujaza ile fila ya kunyoosha bodi za magari, msasa, rangi, amemaliza. Fila hiyo hunyonya maji. Na huko ndani plaiwudi bado imelowa, tabaka zinaachana. Maji hayaingii kwa huo ufa tu, huingia pia kwa kingo, pale nyuzi za mbao zimekatwa, na kwa tundu la pini.

Kazi yenyewe inaboesha, ndio maana haina watazamaji. Unatoa rangi yote. Unauacha ubao kivulini, hewa ipite pande zote mbili, siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Usiuanike juani, utapinda. Palipooza unakata. Kipande kipya hukiungi kichwa kwa kichwa, unakiunga kwa mteremko: ubao wa unene wa milimita 20 unataka mteremko wa kama milimita 160, ndiyo gundi ya epoksi ipate mahali pa kushika. Tundu la pini likiwa limepanuka, litoboe kubwa zaidi, lijaze epoksi nzito, ikishakauka utoboe upya. Kisha kitambaa cha faiba pande zote na kwenye kingo. Hapo pima! Ubao ukinenepa utakwama kwenye kisanduku chake. (Na glavu vaa, hata kama kamera haipendi.)

Kama umeoza zaidi ya nusu, chonga mpya. Sioni aibu yoyote hapo. Rangi ni ya mwisho, na kusema kweli sijali ni gani.

Kabla ya kuurudisha, ubane mezani vile kisanduku kingeubana, sehemu ya chini itokeze hewani. Panda polepole, karibu na meza, mtu akikushika mkono. Ukilia, angalau umeusikia ukiwa nchi kavu.

Hiyo ndiyo video nataka kuona. Ile ya mtu amesimama juu ya ubao ambao bado haujapakwa rangi, hata bila muziki.