Jeki, pampu na "a" ya Kiingereza

Wiki iliyopita niliwapa imla wanafunzi wangu wa Kidato cha Kwanza. Nikasoma "cap". Nikangoja kalamu zitulie, nikasoma "cup". Kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, hilo umeshasoma." Darasa likacheka, nami nikacheka. Jioni, nikisahihisha, kicheko kilinikauka: daftari baada ya daftari, "cap, cap".

Mtoto hana kosa. Kiswahili kina irabu 5, na kila moja ina herufi yake. Ukishaijua ba, be, bi, bo, bu, umemaliza. Kiingereza kimezitwisha herufi hizohizo sauti zipatazo 20. Ile "a" yetu imekaa katikati ya "cap" na "cup", hivyo yote mawili yanatumbukia humo.

Jumamosi gari langu bovu likapata pancha. Fundi, aliyeishia darasa la saba, akamwagiza kijana wake: "Lete jeki, halafu pampu." Jeki, si jaki. Pampu, si pempu. Nikasimama pale nimeduwaa. Mafundi waliyapokea maneno haya kwa sikio, si kwa kitabu, na sikio lilisikia sauti mbili likazipa irabu mbili. Hebu sikiliza upande mmoja: benki, bendi, feni, meneja. Upande wa pili: basi, glavu, bajeti, hiyo pancha yenyewe. Mwingereza anaandika "bank" kwa "a", lakini sisi tumesema benki.

Basi masikio tunayo. Tunayaziba wenyewe darasani, kwa sababu tunaanza na herufi ubaoni, na mtoto akishaiona "a" hasikii tena, anasoma. Mimi mwenyewe nilipofundishwa ualimu, irabu hizi zilikuwa jedwali la kukariri; hatukusikilizishwa kaseti hata moja.

Sasa ubao wangu unakaa mtupu dakika kumi za kwanza. Nasema "hat", darasa linajibu, "Jeki!" Nasema "hut", "Pampu!" Kelele zinamuudhi mwalimu wa hesabu chumba cha pili. Avumilie.

Kwenye "i" gereji haisaidii. "Team" imekuwa timu, "bill" imekuwa bili, zote kapu moja. Hapa najilaumu. Miaka mingi nimewaambia watoto kwamba "sheep" ni ndefu na "ship" ni fupi, nao wakatii kwa kuvuta: shiiip! Urefu ni nusu tu ya habari. Katika "beat" ile irabu tunayoiita ndefu hukatwa na "t" hata ikakaribia urefu wa irabu ya "bid". Kazi iko kwenye ulimi: kwa "sheep" unapanda na kusogea mbele, kwa "ship" unashuka kidogo na kulegea. Nimepeleka darasani kioo changu cha kunyolea ndevu, wanapokezana kujitazama midomo inavyotanuka na kulegea. Wanacheka sana, lakini imla ya juzi ilikuwa na nafuu.

Yule kijana wa nyuma amenogewa. Jana kanyoosha mkono tena: "Mwalimu, kama 'bank' ni benki, mbona 'blanket' hatusemi blenketi?"

Nilikuna kichwa. Kengele ikaniokoa.