Anemoni Mweupe Si Adimu, Ana Njaa

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Mtwapa alinitumia picha kwa WhatsApp. Ndani ya tangi la kioo sebuleni kwake alikuwa amekaa anemoni mweupe pepepe, kama pamba. "Shikamoo mzee wangu. Huyu ni wa aina gani? Aliyeniuzia amesema ni adimu, ndiyo maana bei ilikuwa juu." Nilimwitikia marahaba, kisha nikamwambia ukweli ambao hakuupenda. Mnyama huyo si adimu, ana njaa, na huenda hatamaliza mwezi.

Nayasema haya kwa sababu nami niliwahi kuwatoa. Kwa miaka tisa nilizamia samaki wa mapambo kati ya Kanamai na Vipingo. Samaki tulimkamata kwa wavu mdogo, tukamtia kwenye mfuko wa plastiki, basi. Anemoni alikuwa kazi nyingine. Ukimgusa hujikunja na kujivuta ndani ya ufa wa jiwe, nasi tulimchokonoa kwa bisibisi mpaka aachie. Mara nyingi mguu ulichanika. Tulimpeleka hivyo hivyo, na mnunuzi alimpokea hivyo hivyo. Akifa njiani au kwenye tangi la mtu, hakuna aliyerudi kutuambia.

Kwa asiyemjua: anemoni ni mnyama, ingawa anaonekana kama ua. Ana mguu mmoja wa kunata, mdomo katikati, na minyiri yenye sumu ya kukamata windo. Lakini chakula chake kingi hakitoki kwenye windo. Ndani ya nyama yake wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hupika chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia. Hao mwani ndio wanaompa ile rangi ya kahawia au kijani. Maji yakipata joto kupita kiasi huwapoteza, naye hubaki mweupe. Ni janga lile lile linalopausha matumbawe yetu, lililotupiga vibaya mwaka 1998, likarudi 2016, na likarudi tena 2024.

Kwa hiyo mtu anapouza anemoni mweupe kama kitu cha pekee, anauza mgonjwa. Pengine alipaushwa na joto mwambani, pengine na giza la ndoo kwa muuzaji. Vyovyote iwavyo, tunalipia zaidi kile tulichopaswa kukikataa.

Zamani karibu kila tulichotoa kilipanda ndege kwenda Ulaya, Marekani na Asia. Biashara hiyo ipo pwani kwa zaidi ya miaka 40, ina leseni na imesomesha watoto wengi. Siibezi, hata wangu ada zao zilitoka humo. Kilichobadilika ni kwamba sasa matangi ya maji ya chumvi nayaona hapa hapa, kwenye mikahawa, kwenye vyumba vya kupangisha wageni, kwenye nyumba za Nyali na Nairobi. Mnunuzi wa ng'ambo angalau hupitia kwa msafirishaji mwenye karatasi. Huyu wa mtaani humpigia simu kijana yeyote mwenye miwani ya kuzamia, na bidhaa inafika jioni kwenye ndoo.

Anemoni si samaki, na hesabu yake haiwezi kuwa ya samaki. Anaishi miaka mingi sana. Huko Scotland, mwaka 1828, mtaalamu mmoja aitwaye Sir John Graham Dalyell alimchukua anemoni mdogo ufuoni akamweka kwenye chupa ya maji ya bahari. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni akarithiwa na walezi wengine, mmoja baada ya mwingine, wakimbadilishia maji, na akaishi hadi 1887. Huyo ni wa maji baridi, si wa kwetu, lakini fikiria: miaka 59 kwenye chupa. Sisi tunamchomoa mwenye umri ambao hatuujui na anakufa sebuleni kabla ya kodi ya mwezi unaofuata.

Tena anemoni ni nyumba. Kati ya aina zaidi ya elfu moja duniani, ni kama kumi tu wanaokaribisha wale samaki wadogo ambao watoto huwaita Nemo. Yule Nemo hasa wa filamu haishi Kenya. Wetu ni yule wa kahawia mwenye mistari miwili myeupe na mkia mweupe, na yule mwingine wa rangi ya waridi mwenye mstari mmoja mgongoni. Kwenye kila anemoni kuna familia: mkubwa ni jike, anayemfuata ni dume lake, wadogo wanangoja zamu. Jike akifa, dume hugeuka kuwa jike na mdogo hupanda cheo. Ukiondoa anemoni, familia nzima huliwa. Ila kwenye tangi mambo ni kinyume: samaki hao huishi vizuri bila anemoni, maana hakuna wa kuwala. Mzazi anayedhani Nemo wa mtoto wake lazima awe na "kitanda" anatoa roho ya mnyama bure.

Aliyeamua kufuga, basi ajue anachofuga. Rangi itakudanganya, angalia mguu na minyiri. Mwenye minyiri iliyovimba nchani kama balbu, mguu umezama kwenye ufa wa jiwe, ndiye mvumilivu kuliko wengine. Huyu hujigawa mwenyewe akawa wawili, hata wafugaji hupeana vipande bila kugusa bahari. Minyiri ikiwa na matuta kama shanga zilizotungwa, huyo ni wa mchangani. Ukimpa jiwe tupu atahangaika. Aliyetandaa kama zulia, minyiri mifupi, anaweza kupita mita moja kwa upana. Sasa tangi lako ni la ukubwa gani? Na yule anayekaa juu ya mwamba kwenye mkondo mkali, mwenye mwili wa zambarau au mwekundu unaowaka, ndiye kila mtu humtaka na ndiye mgumu kuliko wote. Huyo mwache alipo.

Tangi lenyewe liwe limekaa na maji miezi sita angalau, chumvi isiyopandashuka, joto la nyuzi 25 hadi 27, taa kali ya kazi hiyo. Taa ya kawaida ya sebuleni ni njaa tu. Kipande kidogo cha kamba mara moja kwa wiki kinatosha. Pampu zote zifunikwe kwa wavu, kwa sababu anemoni asiyeridhika hutembea usiku, na akivutwa na pampu utaamka ukute uji. Akifa ndani, anaweza kuyaharibu maji yote na kuua kila kilichomo. Stima ikipotea saa nne, kama tunavyozoea, una betri ya kusukuma hewa? Kama huna, bado hujawa tayari. Na ukichoka naye usimrudishe baharini. Maji ya tangi yanaweza kubeba maradhi na viumbe visivyo vya kwetu.

Sasa kwa wenye mamlaka. Ndani ya hifadhi za bahari za Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite kutoa chochote ni marufuku, na hilo liko wazi. Nje ya hapo ndiko kwenye kazi. Ninachodai ni vitu vitatu, na BMU ndiyo ya kuanza navyo. Anemoni ahesabiwe peke yake, asizamishwe kwenye jumla ya "viumbe wengine". Mwaka wa joto, mwamba ukianza kupauka, kumtoa kusimame mpaka warudi na rangi. Na wafugaji wa nyumbani wauziwe tu yule anayejigawa, kutoka kwenye matangi. Kuna kijana wetu anaweza kula kwa kuwazalisha hao. Watu wa Kuruwitu waliwahi kufunga kipande cha bahari yao wenyewe huku wengi wakiwacheka, na leo wageni hulipa kwenda kukitazama.

Najua wenzangu wa zamani watasema mzee ameshakula, sasa anafunga mlango. Wana haki ya kuniambia hivyo. Lakini wao pia wanajua tunapozamia siku hizi tunaenda mbali kiasi gani kumpata mmoja.

Yule anemoni wa Mtwapa alikufa siku ya tisa. Jana kijana amenitumia picha nyingine: muuzaji yule yule ana mwingine, wa manjano makali kama embe, bei mara mbili. Nimemweleza kwamba kuna wanaowatia rangi waliopauka. Nimemwuliza pia mguu wake ukoje, una mchaniko? Bado hajajibu.