Bahasha Inalinda Kadi; Nani Atalinda Jina la Mchungaji?

Tangu tarehe 1 Juni 2025, katika jimbo la Maryland huko Marekani, maduka hayaruhusiwi tena kuuza kadi za zawadi ovyo. Sheria iliyopitishwa mwaka 2024 inataka kadi iwekwe ndani ya bahasha inayoficha namba zake za siri, bahasha ambayo mtu akiifungua, alama inabaki. Tena inataka wenye maduka wawafundishe wafanyakazi wao kumtambua mnunuzi anayedanganywa. Maryland lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuweka sheria ya namna hiyo.

Mtu wa Sange anaweza kuuliza: habari hiyo inatuhusu nini sisi wa bonde la Ruzizi? Inatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, ndugu zetu wengi wako kule. Katika mwaka wa serikali ya Marekani ulioisha Septemba 2024, nchi ile ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Wakongo ndio waliokuwa wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote. Hao ndio wanaotutumia karo ya watoto na dawa za wazee. Akiibiwa mmoja wao huko, njaa inafika mpaka huku. Pili, ujanja ambao sheria ile inapigana nao umekwisha kuingia kwenye simu zetu, ila umevaa nguo nyingine.

Tueleze kwanza kadi yenyewe. Kadi ya zawadi inatundikwa dukani kama bidhaa nyingine. Haina thamani mpaka mnunuzi alipe na muuzaji aifungue kwa mashine yake. Baada ya hapo fedha hazikai ndani ya plastiki, zinakaa kwenye namba. Mwenye kujua namba ndiye mwenye fedha, hata kama kadi iko mfukoni mwa mtu mwingine. Jambo hili tunalijua kwa kadi za vocha za simu, zile za kukwangua kwa ukucha. Ukipewa kadi iliyokwisha kukwanguliwa huinunui, kwa sababu unajua kuna mtu aliyekutangulia.

Wezi wa Marekani waliuona mlango huo. Wanachukua kadi zilizotundikwa, wanazifungua, wanaandika namba, kisha wanazifunga kwa ufundi na kuzirudisha mahali pake. Bibi anakuja kumnunulia mjukuu zawadi, analipa dola 50 au 100. Kabla mjukuu hajaitumia kadi, mwizi amekwisha kuimaliza. Bahasha ya Maryland imewekwa ili kuziba mlango huo. Ni sheria nzuri, nasi tunawashukuru waliofikiri juu ya bibi yule.

Lakini kuna wizi wa pili ambao bahasha haiwezi kuuzuia. Mwizi anapiga simu au anaandika ujumbe, anajiita mtu wa kodi, au askari, au mjukuu aliyefungwa. Anamwambia mtu: nenda dukani sasa hivi, nunua kadi, nisomee namba, usimwambie mtu yeyote. Hapo mnunuzi mwenyewe ndiye anayeichana bahasha na kuzitoa namba kwa kinywa chake. Mwaka 2023 peke yake, watu waliopeleka malalamiko yao kwa tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, FTC, walisema wamepoteza dola milioni 217 kupitia kadi hizo. Ndiyo maana sheria ya Maryland haikuishia kwenye bahasha, ikaongeza mafundisho kwa wauzaji: bahasha inamzuia mwizi wa dukani, lakini mwizi wa kwenye simu anazuiwa na mtu aliye karibu anayeuliza, "Mama, kadi zote hizi ni za nani?"

Tena iko habari inayotugusa sisi wachungaji moja kwa moja. Mwezi Julai 2019 tume hiyo hiyo ilitoa onyo kwa watu wa makanisa na nyumba nyingine za ibada. Wezi walikuwa wakiandika barua pepe kwa jina la mchungaji, padri, rabi au imamu, wakiomba msaada wa kadi za zawadi kwa ajili ya mgonjwa au jambo jingine la rehema. Jina la mchungaji lilikuwa mle, na anwani ilifanana na yake. Waamini waliotaka kutii wakapoteza fedha zao.

Huku kwetu hakuna haja ya kadi. Tuna M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na ng'ambo ya Ruzizi kuna Lumicash ya Burundi. Mwizi anamwomba mtu namba sita zilizoingia kwenye simu yake, akisema zimetumwa kwa makosa. Namba hizo ndizo ufunguo wa WhatsApp. Akishazipata, anaingia kwenye akaunti ya mchungaji au mzee wa kanisa na kuwaandikia washirika wote: "Mpendwa, nimepata shida ya ghafla, nitumie dola 50 kwa namba hii, kesho nitakurudishia." Picha ni ya mchungaji, jina ni lake, hata salamu ya kanisa iko. Ni wizi ule ule wa Marekani.

Vita vimeufanya wizi huu kuwa rahisi zaidi. Baada ya Goma na Bukavu kuchukuliwa, Januari na Februari 2025, benki za miji hiyo zilifunga milango, na watu wengi wakabaki na simu peke yake kama benki. Mwezi Desemba vita vilishuka katika bonde letu mpaka Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakavukia Burundi. Jamaa moja inaweza kuwa na baba Sange, mama kambini Burundi, na mtoto mkubwa Marekani. Wakati kama huo ujumbe unaosema "nimekimbia, sina kitu, nisaidie" hauwezi kudharauliwa, kwa maana mara nyingi ni wa kweli. Mwizi anajificha katikati ya vilio vya kweli. Na kila anapofaulu, anaiba mara mbili: anachukua dola 50 za leo, na kesho anamfanya mtu mwenye shida ya kweli asiaminiwe.

Kwa nini jina la mchungaji linamfaa mwizi kuliko jina la mtu mwingine? Kwa sababu katika makanisa mengi watu wamezoezwa kwamba mtumishi wa Mungu akiomba, haulizwi. Kumwuliza kunaonekana ni upungufu wa imani, au ni dharau. Heshima hiyo ni kitu kizuri, lakini heshima isiyo na ruhusa ya kuuliza ni kama kadi iliyotundikwa bila bahasha: yeyote anayepita anaweza kusoma namba. Kumzoeza mshirika asimwulize mchungaji wake ni kumtayarisha kumtii mwizi.

Biblia haikatai uchunguzi wa namna hii. Katika Yeremia sura ya 32, mji wa Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, naye nabii amefungwa. Ananunua shamba kwa binamu yake. Hakusema, "Mimi ni nabii, neno langu latosha." Alipima fedha, akaandika hati, akatia muhuri, akaita mashahidi, na hati zikatiwa ndani ya chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Katikati ya vita nabii wa Mungu alikubali mizani, muhuri na mashahidi. Vilevile mtume Paulo, katika 2 Wakorintho sura ya 8, alipokusanya matoleo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuyabeba peke yake. Alitaka ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa waende pamoja naye, ili mtu yeyote asipate neno la kumlaumu. Kama Yeremia na Paulo walijifunga kwa mashahidi, sisi ni nani tukatae?

Nchi yetu nayo ina sheria. Sheria-amri namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023 juu ya mambo ya digitali inaadhibu makosa yanayofanywa kwa njia ya simu na kompyuta. Lakini fedha zilizotumwa saa mbili asubuhi zinaweza kutolewa kwenye kabini ya mji mwingine kabla ya saa tatu, na kuzifuata huko ni kazi ngumu. Kwa hiyo bahasha yetu tuishone wenyewe, kanisani.

Kila mchungaji atangaze mbele ya kanisa, siku ya Jumapili, kwamba hataomba fedha kwa ujumbe wa simu, na kwamba mshirika anayepokea ujumbe kama huo ana ruhusa na wajibu wa kumwuliza. Matoleo ya simu yapokelewe kwa namba moja tu, iliyoandikwa ukutani mwa kanisa na kujulikana kwa wazee wawili. Ujumbe wa kuomba msaada usijibiwe kwa fedha kabla ya kuisikia sauti ya mwenyewe, au ya jirani yake anayejulikana. Kama mtandao hauko, tungoje. Namba ya siri ya M-Pesa, na zile namba sita za WhatsApp, hazipewi mtu, hata mchungaji, hata mtoto wa mchungaji. Vijana wa kanisa wanaoijua simu wawasaidie mama na wazee kuweka ule ulinzi wa pili ndani ya WhatsApp, unaodai namba nyingine ya siri. Nao walio Marekani wakumbuke: hakuna ofisi ya serikali wala mchungaji wa kweli anayelipwa kwa kusomewa namba za kadi ya zawadi.

Mtu mmoja atasema: tukianza kuuliza hivi, upendo utapoa. Sisi tunaona kinyume chake. Kumpigia simu ndugu aliyeomba msaada, kuisikia sauti yake, kumwuliza yuko wapi na amelala wapi, huo nao ni upendo, tena unazidi ule wa kubonyeza simu na kutuma. Aliyekimbia kweli atafurahi kuulizwa. Mwizi ndiye anayesema, "Usipige, nitumie tu."

Basi Jumapili ijayo, kabla ya matoleo, wachungaji tusimame tuwaambie washirika wetu: mnaruhusiwa kutuuliza. Bwana atupe kanisa ambalo maskini anasaidiwa na mwizi hapati mlango.