Msichana asiyevunja ungo asisahauliwe

Mwaka 1956 wazee wa Njuri Ncheke wa Meru walipiga marufuku tohara ya wasichana. Wasichana wengi waliasi, wakajitahiri wenyewe kwa nyembe. Ndipo likazuka jina la Ngaitana, yaani "nitajitahiri". Katika miaka mitatu iliyofuata, watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kuikaidi amri hiyo. Sheria ya mwaka 2011 imeiharamisha tohara hiyo kote nchini, na ni vyema. Hata hivyo, swali lililowasukuma wasichana wale lingali pale pale: ni kitu gani kinachomfanya msichana atambuliwe kuwa amekua?

Siku hizi jibu limehamia kwenye hedhi. Marekebisho ya sheria ya elimu ya mwaka 2017 yaliiwajibisha serikali kumpa sodo bila malipo kila msichana wa shule ya umma aliyebaleghe. Hatua hiyo yastahili kupongezwa. Lakini je, yule aliyefika kidato cha tatu huko Nkubu au Runyenjes, ambaye hana haja na sodo kwa kuwa hajavunja ungo, ni nani amwulizaye?

Baadhi ya wasichana wa aina hiyo wana hali iitwayo Turner, kwa jina la daktari Mmarekani aliyeieleza mwaka 1938. Kwa kawaida mwanamke ana kromosomu mbili za eksi. Msichana mwenye hali hii anayo moja tu iliyo kamili. Ya pili haipo, au ina kasoro, pengine katika baadhi ya chembe za mwili wake pekee. Hutokea kwa takriban mtoto mmoja katika kila wasichana 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa. Wengi wao huwa wafupi kuliko wenzao, na ovari zao hudhoofika mapema hata matiti yasiote wala hedhi isije. Akili zao kwa kawaida ni timamu.

Hapana budi tuseme wazi: hali hii si laana, wala si kosa la mama. Ni hitilafu inayotokea kwa bahati tu wakati mbegu za uzazi zinapoundwa au mimba inapoanza kukua. Anayemsuta mama kwa ufupi wa bintiye, au anayemharakisha binti huyo aolewe ili "afunguke", anaongeza jeraha juu ya jeraha.

Wala si jambo la aibu ya ujana pekee. Baadhi yao huzaliwa na kasoro za moyo na za mshipa mkuu wa damu, ambazo zisipochunguzwa zaweza kuua ghafla. Mifupa inayokosa homoni ya kike nayo hudhoofika. Tiba ipo. Homoni hiyo huanzishwa kwa kipimo kidogo msichana afikapo umri wa miaka 11 au 12, ikaongezwa polepole kwa miaka miwili au mitatu, naye akabaleghe kama wenzake. Homoni ya kurefusha mwili ni ghali, na haifai kitu mifupa ikishafunga. Kwa hiyo kuchelewa ndiko adui mkubwa.

Na kwa nini tunachelewa? Kitabu cha kliniki humpima mtoto hadi afikishe miaka mitano, kisha kikawekwa sandukuni. Baada ya hapo hakuna ajuaye kama anarefuka. Hili halihitaji mitambo. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliozinduliwa mwaka 2023, huingia majumbani mwetu. Wapewe utepe wa kupimia urefu. Mwalimu anayegawa sodo aelekezwe kwamba msichana wa miaka 13 asiyeota matiti, au wa miaka 15 asiyepata hedhi, apelekwe hospitali kwa faragha, bila kutajwa mbele ya darasa. Hospitali kuu za Meru na Embu nazo ziwe na njia ya hakika ya kuwafikia wataalamu wa Nairobi, ambako mwaka 2008 kulianzishwa mafunzo ya madaktari wa homoni za watoto kwa ajili ya Afrika.

Wasichana wa Ngaitana walishika wembe ili waonekane wamekua. Binti huyu wa leo hana hata hilo la kufanya. Amenyamaza, akingoja mtu mzima mmoja amwulize.