LUGHA YETU: Kufichua, Kuvumbua na Kuumbua

Maneno ya Kiswahili yaelezayo kwamba jambo lililositirika limetolewa nje ni mengi, na kila moja lina mahali pake. Atumiaye moja mahali pa jingine huenda akaeleweka, lakini pengine ataeleweka vibaya. Na katika mambo ya siri kosa la namna hiyo si dogo, maana hugusa heshima ya mtu.

Kwanza yafaa ijulikane kanuni. Vitendo vingi vya Kiswahili hugeuzwa maana kwa kuvitia -ua au -oa mwishoni. Mkulima huanika nazi juani, na mvua ikitanda huzianua. Mpishi hufunika chungu, kisha hukifunua. Kisu huchomekwa alani na huchomolewa. Kwa kanuni hiyo hiyo aliyeficha ana mwenziwe afichuaye, aliyefumba ana afumbuaye, na aliyefukia ana afukuaye.

Katika vijiji vya Shanzu, kusini ya hori ya Mtwapa, mzee wa Kimvita hasemi "ficha" bali "fita," kwa kuwa ch ya Kiunguja mara nyingi huwa t katika Kimvita. Ndiyo sababu mahali palipo jirani huitwa Shimo la Tewa: tewa ndiye chewa wa Unguja, samaki apendaye kujificha katika mapango ya miamba. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kwa hiyo vitabu vimeandika "ficha" na "fichua." Hata hivyo asemaye "fita" hakukosea, asema lugha ya kwao.

Sasa tofauti zake. Kufunua ni kuondoa kifuniko tu, wala si lazima awepo aliyeficha kwa hila. Kitabu hufunuliwa, na uso wa bibi arusi hufunuliwa. Wakristo nao huita kitabu cha mwisho cha Biblia Ufunuo. Kufichua ni zaidi ya hapo: yuko mtu aliyeficha kwa makusudi, na yuko mwingine aliyekitoa kitu hadharani bila ya ridhaa yake. Kufumbua hutumika kwa macho na kwa mafumbo, maana hapo akili ndiyo ifanyayo kazi. Wahenga walisema, "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua." Kitendawili nacho hutegwa kama mtego, na ajuaye hukitegua.

Kuvumbua latoka shambani. Mkulima huzivumbika ndizi mbichi chini ya udongo au majani ili ziive; siku ya kuzitoa, huzivumbua. Kutoka hapo neno likapanuka, likawa na maana ya kupata kitu ambacho hakikuwa kikijulikana kipo. Kugundua ni ndugu yake, lakini asili yake ni kumfikia mtu ghafula bila yeye kutazamia, kama mlinzi amfikiavyo mwizi juu ya mnazi. Leo agunduaye ni yule atambuaye jambo kwa kuchungua.

Ng'ambo ya kaskazini ya hori ya Mtwapa upo mfano mzuri. Huko yapo magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa mawe uliokaliwa katika karne ya 14 na kuhamwa katika karne ya 15. Mwaka 1972 James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale, aliyachimba magofu hayo. Je, mtu aweza kusema kwamba Kirkman aliuvumbua mji huo? La. Kuta zilikuwa zikionekana, na wenyeji walikuwa na jina lao la kuziita. Neno lililo sawa ni "aliufukua," yaani aliondoa mchanga na mizizi iliyoufunika. Kama kuna vilivyovumbuliwa, ni vile vilivyokuwa chini ya ardhi. Asemaye "mji ulivumbuliwa" huwafanya wenyeji kuwa watu wasiojua kilichopo mlangoni pao, na hilo si kweli.

Liko kundi jingine litakalo hadhari zaidi. Kuumba ni kufanyiza kitu kikapata sura. Kuumbua ni kuiharibu sura hiyo, na kwa maana ya leo ni kumwaibisha mtu mbele ya watu. Kukashifu nalo ni neno la Kiarabu ambalo asili yake ni kufunua tu. Lakini katika Kiswahili limebeba ubaya, na mahakamani, kama ile iliyopo Shanzu, kashfa ni jambo la kushtakiana. Kinyume chake, kudhihirisha na kubainisha, ambayo nayo ni ya Kiarabu, hayana ubaya wowote; ni kuweka jambo wazi kwa ushahidi.

Mithali moja yaonyesha uzito wa tofauti hii. Wengine husema, "Mficha maradhi kilio humfichua", wengine husema, "humuumbua." Wa kwanza wanaeleza litakalotokea: siri itajulikana siku ya msiba. Wa pili wanaongeza aibu. Lakini maradhi si aibu, na mgonjwa wa kifua kikuu akidhani kwamba kumweleza tabibu ni kujiumbua, atanyamaza hadi wakati umpite. Tena watu wa kale walisema, "Mficha uchi hazai." Amwelezaye tabibu hali yake hakujiumbua, amejisaidia.

Karani wa chama cha ushirika naye na apime maneno yake. Hesabu zikionekana kupungua, aweza kuandika, "Mkaguzi amegundua upungufu," au, "Hesabu zimedhihirisha upungufu." Sentensi hizo zasema juu ya fedha. Akiandika, "Mkaguzi amefichua upungufu," amekwisha kudokeza kwamba yuko aliyeficha. Akiandika, "Mweka hazina ameumbuka," amekwisha kumhukumu. Ikiwa baadaye itaonekana kwamba upungufu ulitokana na kosa la kujumlisha, sentensi mbili za kwanza husahihishwa kwa kalamu. Ya tatu itadai maelezo. Ya nne haisahihishwi kwa kalamu, kwa sababu imekwisha kusomwa, na jina la mtu limekwisha kuchafuka sokoni na msikitini.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno lolote katika haya, na aulize mambo mawili: je, yuko aliyeficha kwa makusudi, na ushahidi upo? Ikiwa hakuna, kugundua na kudhihirisha yatosha. Ikiwa yuko, kufichua ni neno la haki. Kuumbua na kukashifu na aziache, kwa kuwa kazi ya taarifa ni kuutoa ukweli nje, si kumtoa mtu utu wake.