Kutangulia Si Kufika

Maji yapitayo chini ya kilima cha Rejaf hayakuzaliwa hapo. Yametoka Ziwa Viktoria, yakashuka Jinja, yakapita Ziwa Kyoga na ncha ya Ziwa Albert, yakaingia Nimule, kisha yakapambana na mawe ya maporomoko kabla ya kutulia karibu na Juba. Zamani meli zilizotoka Khartoum zilikomea Rejaf kwa sababu ya maporomoko hayo, na msafiri aliyetaka kufika maziwani alilazimika kushuka na kwenda Nimule kwa nchi kavu. Siku hizi iko barabara ya lami kutoka Juba hadi Nimule, kilometa 192, iliyokamilika mwaka 2012. Na mtu aliyeondoka alfajiri aweza kuwa ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Uganda, kabla jua halijawa kali.

Achukuliwe mfano wa askari polisi mmoja, mwalimu wa mazoezi katika chuo cha polisi cha Rejaf, na mkewe. Mfano huu ni wa kutungwa, wala haumhusu mtu yeyote anayejulikana. Lakini jambo lililomo ndani yake ni la kweli, na hutokea katika nyumba nyingi za askari.

Bwana na bibi hao wamezoea kukimbia asubuhi kandokando ya mto. Wamepata habari kwamba katika mji mdogo ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria zitafanyika mbio za marathoni, kilometa 42 na meta 195, na kwamba wenye mbio wanatafuta mtu wa kuweka kasi kwa wale wanaotaka kumaliza kwa muda wa saa nne na dakika thelathini. Wameweka akiba miezi mitano, wamepata ruhusa kazini, na watoto wameachwa kwa bibi yao.

Kazi ya mweka kasi

Mweka kasi ni mkimbiaji abebaye bendera ndogo iliyoandikwa muda wa kumaliza. Wakimbiaji wasiojiamini humfuata yeye badala ya kuangalia saa zao. Kwa muda wa saa nne na nusu, kila kilometa hapana budi ikimbiwe kwa dakika 6 na sekunde 24. Hivyo kilometa ya kumi hufikiwa baada ya dakika 64, nusu ya safari baada ya saa mbili na robo, na kilometa ya thelathini baada ya saa tatu na dakika 12. Aghalabu huchaguliwa mtu awezaye kumaliza mapema zaidi kuliko muda ulioandikwa, ili asiishiwe pumzi njiani na kuwapoteza wanaomtegemea. Hapo ndipo ulipo ugumu: mweka kasi ana nguvu za kwenda mbele, naye ameahidi kutozitumia.

Katika mbio kubwa za dunia kazi hiyo hulipwa. Mwaka 2003 mjini Berlin, Paul Tergat, aliyewahi kuwa askari wa Jeshi la Anga la Kenya, aliweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 4 na sekunde 55. Aliyemfuata kwa sekunde moja tu alikuwa Sammy Korir, Mkenya mwenzake, ambaye alikuwa amewekwa kuongoza kasi, akaamua kuendelea hadi mwisho. Mwaka 2019 mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia masafa hayo kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, akisaidiwa na waweka kasi 41 waliokuwa wakipokezana. Ushindi huo haukuandikwa kuwa rekodi, na mapokezano hayo ni miongoni mwa sababu zake. Lakini uliwafundisha watu wote kwamba nyuma ya mkimbiaji mmoja husimama wengi.

Wanawake nao wana historia yao katika jambo hili. Tegla Loroupe wa Kenya aliweka rekodi ya dunia mjini Rotterdam mwaka 1998, akaiboresha mjini Berlin mwaka 1999 kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 43. Huko Rotterdam alitanguliwa na wanaume walioweka kasi, jambo lililozua ubishi mwingi. Baadaye chama cha riadha cha dunia kiliamua kutenganisha hesabu: rekodi za mbio za wanawake peke yao, na rekodi za mbio walizochanganyika na wanaume. Loroupe huyo ndiye aliyekuja kuwafundisha huko Ngong vijana watano wazaliwa wa Sudan Kusini, waliokimbia katika timu ya wakimbizi kwenye michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016.

Saa ndiyo shahidi

Bwana yule, habari zilipofika, hakuuliza bendera ataibeba nani. Yeye ndiye mwalimu wa mazoezi, yeye ndiye mwenye kifua, na sauti yake husikika uwanja mzima wakati wa gwaride. Mkewe hakubishana naye. Alisema tu, "Bwana, tuipime kwa saa."

Wakapima kwa Jumamosi tatu. Bwana alianza kila mara kwa dakika tano na nusu kwa kilometa, akacheka na kuwapungia mkono watu wa njiani. Ilipofika kilometa ya kumi na tano alikuwa akitumia dakika saba na zaidi. Mkewe, ambaye kwa miaka mingi ametembea kwenda sokoni na kurudi na mzigo kichwani, hakutofautiana kati ya kilometa ya kwanza na ya mwisho ila kwa sekunde chache.

Jambo hilo halina uchawi. Mwili wa binadamu huweka akiba ya sukari katika misuli na katika ini. Anayeanza kwa kasi kubwa huila akiba hiyo upesi, naye aghalabu huishiwa karibu na kilometa ya thelathini, miguu ikawa mizito kama magogo. Uchunguzi wa matokeo ya marathoni nyingi umeonyesha kwamba, kwa wastani, wanawake hupungua kasi kidogo kuliko wanaume katika nusu ya pili ya safari. Wahenga hawakuwa na saa ya mkononi, lakini walikwisha sema: mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Basi bendera ikawa ya mama. Bwana hakulala vizuri usiku ule. Askari aliyezoea kutoa amri haoni raha kusikia wenzake wakimwuliza kantini kama kweli atamfuata mkewe kilometa arobaini na mbili. Hata hivyo alikubali, kwa kuwa saa haina cheo.

Mapatano ya nyumbani

Kabla ya safari lilibaki swali moja, nalo lilikuwa zito kuliko yote. Je, bwana akichoka njiani, mke atamngoja?

Hili si swali dogo. Mwenye bendera hakimbii peke yake. Nyuma yake wako watu ishirini au thelathini asiowajua, waliofanya mazoezi mwaka mzima na kuamini kitambaa kilicho mikononi mwake. Katika Sudan Kusini thamani ya bendera yajulikana vyema. Mwaka 2012 mjini London, Guor Marial alikimbia marathoni chini ya bendera ya Olimpiki, kwa kuwa taifa lake jipya lilikuwa bado halina kamati ya Olimpiki. Mwaka 2016 mjini Rio yeye ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake siku ya ufunguzi.

"Nikibaki nyuma, usigeuke," bwana alisema.

"Na ukianguka?" mkewe aliuliza.

Walikaa kimya kidogo, kisha wakapatana hivi: uchovu wa kawaida hautamsimamisha mwenye bendera, lakini mtu akianguka, awe mume au mgeni, uhai hutangulia muda. Bendera atakabidhiwa mkimbiaji mwingine, na watu wa huduma ya kwanza wataitwa.

Mapatano kama hayo yana mfano wake. Tarehe 27 Agosti 2011, katika mashindano ya dunia huko Daegu, Korea ya Kusini, Edna Kiplagat, ambaye ni askari polisi wa Kenya, aligongana na mwenzake Sharon Cherop penye meza ya maji, akaanguka zikiwa zimebaki kilometa chache. Cherop alisimama kumwangalia mwenzake, naye Kiplagat akainuka na kushinda kwa saa 2, dakika 28 na sekunde 43. Cherop alikuwa wa tatu. Yafaa kukumbuka pia kwamba mwalimu wa Kiplagat ni mumewe, Gilbert Koech, ambaye mwenyewe alikuwa mkimbiaji wa marathoni.

Siku yenyewe

Ziwa Viktoria liko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, ilhali Juba iko chini ya meta 600. Mtu atokaye Rejaf huona ubaridi wa asubuhi akadhani amepewa nguvu mpya, kumbe hewa ni nyepesi kidogo kuliko aliyoizoea. Hivyo yafaa kufika siku mbili au tatu mapema, kula chakula ulichokizoea, kama wali, ugali au viazi vitamu, na kuacha samaki wa kukaanga hadi mbio zimalizike. Maji yanywewe kwa kadiri ya kiu. Katika mbio za Boston za mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu, na asilimia 13 kati yao walionekana kupungukiwa na chumvi mwilini, jambo lililohusiana hasa na kunywa kupita kiasi. Kunywa sana kwaweza kuua kama kiu.

Mama alianza taratibu. Wengi walimpita, na bwana alikuwa kando yake akijizuia kwa taabu. Kilometa ya kumi, dakika 64. Nusu ya safari, saa mbili na robo. Kilometa ya kumi na nane bwana alikuwa amechomoka mbele kidogo, "kuangalia njia" kama alivyosema. Kilometa ya thelathini na mbili kundi lilimkuta akitembea, mkono kiunoni.

Mama alimtazama usoni. Aliona jasho, akaona macho yanayojua yalipo, akasikia jibu alipomwita. Hakuwa mgonjwa, alikuwa amechoka. Basi mama aliinua bendera, akapita. Mkimbiaji mmoja mgeni alimwuliza kama anamfahamu yule bwana. Akajibu, "Ni mume wangu," wala hakupunguza mwendo.

Alifika kwa saa nne, dakika 29 na sekunde 40, na watu kumi na tisa nyuma yake. Bwana alifika dakika thelathini na nane baadaye, akamkuta penye mstari na maji mkononi. Hakuna aliyesema neno mpaka walipoketi.

"Uliniona?" bwana aliuliza.

"Nilikuona. Ndiyo sababu nilipita."

Kasi ya nyumba

Familia ya askari hukimbia mbio ndefu kuliko hizo. Mume hupelekwa zamu ya mbali miezi mitatu au sita. Katika muda huo mke ndiye mwenye bendera: ndiye ajuaye unga utafika lini, ada italipwa kwa mafungu mangapi, na mtoto gani huamka na homa. Kisha bwana hurudi na nguvu zake zote, na siku ya kwanza tu hubadili saa za kula, hubadili matumizi, huwapigisha watoto kwata uani. Nia yake ni njema, lakini anaanza kilometa ya ishirini kana kwamba ni ya kwanza, na kabla ya mwisho wa mwezi fedha zimekwisha na nyumba nzima imechoka.

Yafaa basi arudipo aulize kwanza mwendo ulikuwaje, akimbie kando ya mkewe siku kadhaa, ndipo atoe shauri. Mke naye asifiche hesabu, wala asione haya kutaja penye mlima. Anayefaa kubeba bendera leo aibebe; kesho huenda ikawa zamu ya mwenzake.